Tiba ya Mawimbi ya Sauti kwa Ini Lisilotulia

Mwezi huu tunajifunza juu ya tiba ambayo wengi mmeanza kuisikia kutoka kwa ndugu walio mbali: kutibu uvimbe ulio ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, bila kisu na bila mshono. Habari hii ikifika vijijini huzaa maswali mawili. La kwanza ni la akina mama wajawazito: "Nesi, kama sauti inaweza kuunguza uvimbe, je, kile kipimo cha ultrasaundi nilichofanyiwa kliniki hakitamwunguza mtoto?" La pili ni la familia yenye mgonjwa wa ini: "Je, tuuze shamba tumpeleke ng'ambo?"

Maswali yote mawili yanastahili jibu la wazi. Kwa hiyo tutajifunza polepole, hatua kwa hatua, jinsi tiba hii inavyofanya kazi. Jambo kubwa la kushika ni hili: sauti hii huunguza pale tu inapokusanywa mahali pamoja, na ini ni kiungo kisichokaa mahali pamoja. Ugumu wote wa tiba hii kwa mgonjwa wa ini umo katika maneno hayo.

1. SAUTI TUSIYOISIKIA

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Sauti yenye mitetemo mingi zaidi ya hapo hatuisikii, ingawa popo huitumia usiku kutafuta njia na chakula. Hiyo ndiyo inayoitwa ultrasaundi.

Mashine ya kliniki hutumia sauti yenye mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 15 kwa sekunde. Huipeleka mwilini kwa vipande vifupi sana, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kutokana na mwangwi huo ndipo picha ya mtoto inapopatikana. Sehemu kubwa ya muda mashine ile inasikiliza tu. Nguvu yake ni ndogo, nayo haikusanywi ili kuunguza. Basi mama mjamzito, usiwe na wasiwasi. Kipimo hicho kimetumika kwa miaka mingi, na kikifanywa na mtaalamu kwa sababu ya kitabibu hakijaonekana kumdhuru mtoto.

Mashine ya kutibu ni nyingine kabisa. Hutoa sauti mfululizo kwa sekunde kadhaa, na pale sauti hiyo inapokusanyika nguvu yake huzidi ile ya kipimo mara maelfu. Mashine hizi mbili zinafanana jina tu, kama vile moto wa kibatari na moto wa tanuri la mhunzi vyote ni moto.

2. KWA NINI NGOZI HAIUNGUI?

Wanafunzi wengi wamewahi kuchukua lenzi, au miwani ya kusomea ya babu, na kuikinga juani juu ya karatasi. Mwanga unaopita hewani hauchomi mkono, lakini pale miali yote inapokutana karatasi hutoa moshi.

Tiba ya sauti hufuata njia hiyohiyo. Chombo kinachotoa sauti kina umbo la bakuli. Kutoka kila upande wa bakuli hilo sauti huelekea nukta moja ndani ya mwili. Ngozi na nyama za njiani hupitiwa na sehemu ndogo tu ya nguvu, kwa hiyo hazipati joto kubwa. Pale njia zote zinapokutana, joto hupanda ghafla na nyama hiyo hufa. Baadaye mwili wenyewe huiondoa kidogo kidogo, au huacha kovu.

Nukta hiyo ni ndogo. Kwa kawaida ukubwa wake ni kama punje ya mchele: milimita 2 au 3 kwa upana, na sentimita 1 hivi kwa urefu. Kwa hiyo uvimbe hauunguzwi kwa pigo moja. Daktari huenda nukta baada ya nukta, kama mkulima anayepanda mbegu shimo kwa shimo mpaka shamba liishe. Ndiyo maana kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza jinsi ya kukusanya sauti ili iharibu nyama iliyo ndani bila kuharibu ya juu. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry, wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliendeleza kazi hiyo kwa ajili ya ubongo. Lakini kwa miaka mingi tiba hii haikuenea, kwa sababu madaktari hawakuwa na njia nzuri ya kuona ndani ya mwili mahali sauti inapopiga. Ilibidi kungojea picha bora za ultrasaundi na mashine za MRI, zinazotumia sumaku kubwa kupiga picha za ndani.

3. JOTO NA MUDA WAKE

Ni joto kiasi gani huua nyama ya mwili? Jibu linategemea muda. Mwili wenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Wataalamu hutumia kanuni hii: kwa nyuzi 43, nyama huhitaji dakika 240 hivi ili ife. Kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 1, muda unaohitajika hupungua kwa nusu. Tazama mfuatano huu:

- Nyuzi 43: dakika 240
- Nyuzi 44: dakika 120
- Nyuzi 45: dakika 60
- Nyuzi 46: dakika 30
- Nyuzi 50: dakika 2 hivi
- Nyuzi 56: sekunde 2 hivi

Angalia vizuri tofauti kati ya nyuzi 46 na nyuzi 56. Ni nyuzi 10 tu, lakini muda umeshuka kutoka nusu saa hadi sekunde 2. Hii ndiyo faida ya tiba hii, maana inaweza kumaliza nukta moja kwa muda mfupi sana. Lakini hapo hapo pana hatari, kama tutakavyoona, kwa sababu joto likipungua kidogo tu, kazi haijafanyika.

4. INI HALITULII

Sasa, ndugu msomaji, lala chali kitandani. Weka kiganja chako cha kulia juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu za upande wa kulia. Vuta pumzi, kisha itoe. Umehisi tumbo likiinuka na kushuka? Ndani yake upo msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, unaoitwa kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka na kulisukuma ini chini. Ukitoa pumzi, kiwambo hupanda na ini hupanda nacho.

Katika kupumua kwa utulivu, ini husogea sentimita 1 hadi 2. Ukivuta pumzi ndefu husogea zaidi ya hapo. Figo, kongosho na wengu navyo husogea. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tukichukua mara 15, ini litakuwa limeshuka na kupanda mara 900 kwa saa moja.

Linganisha hesabu hizo. Nukta ya sauti ina upana wa milimita 2 au 3. Ini linasogea milimita 10 hadi 20. Maana yake ni kwamba katika pumzi moja tu, mahali palipolengwa panaweza kuhama umbali unaozidi upana wa nukta mara kadhaa, kisha pakarudi.

Tena ini halisogei kama jiwe. Ni laini, hujikunja kidogo linaposukumwa, na sehemu zake hazisogei kwa kipimo kimoja. Tena mgonjwa akilala muda mrefu, misuli yake hulegea na matumbo husogea, hivyo ini laweza kuhama taratibu na kutorudi pale lilipokuwa mwanzoni.

5. MADHARA YA KUKOSA SHABAHA

Mashine ikipiga bila kujali mwendo huo, mambo mawili hutokea.

Kwanza, nyama nzima huungua. Ini lina majirani wengi: mfuko wa nyongo, mirija ya nyongo, mishipa mikubwa ya damu, tumbo la chakula na matumbo. Utumbo ukiungua hadi kutoboka, mgonjwa huwa katika hatari ya kufa.

Pili, uvimbe wenyewe hauungui vya kutosha. Watu wengi hawalifikirii hili. Joto lililokusudiwa kwa nukta moja hutandazwa katika eneo kubwa, na hakuna mahali panapofika nyuzi 56. Pengine hufika nyuzi 46 kwa sekunde chache, na tumeona kwamba nyuzi 46 zahitaji nusu saa. Zaidi ya hayo, ini hupitiwa na damu nyingi, lita 1 na nusu hivi kila dakika, na damu hiyo huchukua joto na kwenda nalo, kama maji ya mto yanavyopoza chuma. Mwisho wake chembe za saratani hubaki hai, nayo familia hurudi nyumbani ikiamini kwamba mgonjwa amepona. Baada ya miezi uvimbe huota tena, wakati fedha zimekwisha.

6. NJIA NNE ZA KUKABILI MWENDO WA INI

Njia ya kwanza: kuzuia pumzi. Mgonjwa hufundishwa kutoa pumzi na kuizuia wakati mashine inapiga, kisha anapumzika. Ni njia rahisi, lakini mgonjwa wa ini mara nyingi ni dhaifu. Hawezi kuizuia kwa muda mrefu, wala hawezi kusimamisha ini mahali palepale kila mara.

Njia ya pili: nusu kaputi. Mgonjwa hulazwa usingizi, na mashine ya kupumulia hupumua kwa niaba yake. Daktari wa usingizi anaweza kuisimamisha kwa muda mfupi, ini likatulia, sauti ikapigwa. Njia hii ni ya uhakika zaidi, lakini usingizi wa nusu kaputi una hatari zake kwa mtu mwenye ini bovu, moyo dhaifu au kifua.

Njia ya tatu: kungojea. Akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja, kila mmoja hungoja mchi wa mwenzake uinuke ndipo ashushe wake. Mashine nayo inaweza kungoja hivyo. Mwisho wa kutoa pumzi huwa na kituo kidogo ambapo ini karibu linatulia, na lilipo sasa ndipo lilipokuwa katika pumzi iliyopita. Mashine hupiga katika kituo hicho tu, na ini likianza kushuka hunyamaza. Ubaya wake ni muda. Tuseme pumzi moja ni sekunde 4 na mashine inapiga sekunde 2 tu katika hizo. Kazi ya dakika 10 itakuwa dakika 20. Na wakati mashine imenyamaza damu inapoza mahali palipoanza kupata joto.

Njia ya nne: kufuatilia. Hapa mashine haingoji. Inaliona ini likisogea, na nukta ya sauti inasogea pamoja nalo. Bakuli lenyewe halihitaji kuhamishwa. Limegawanywa katika vipande vidogo mamia, vingine hata zaidi ya 1,000, na kila kipande hutoa sauti kwa wakati wake. Fikirini kwaya ambayo waimbaji wameketi umbali mbalimbali kutoka kwa msikilizaji mmoja. Aliye mbali akianza mapema kidogo na aliye karibu akachelewa kidogo, sauti zote humfikia msikilizaji kwa pamoja. Msikilizaji akihamia kiti kingine, kiongozi wa kwaya hubadili mpango wa nani aanze kwanza. Kompyuta hufanya kazi ya kiongozi huyo mara nyingi kwa sekunde.

Lakini hata kompyuta huchelewa. Kwanza ipate picha, kisha itambue ini lilipo, kisha itoe amri. Tuseme ini linasogea sentimita 1 kwa sekunde, na kazi yote hiyo inachukua sehemu 2 za 10 za sekunde. Sauti itakapofika, ini limekwisha kuhama milimita 2, ambao ni karibu upana wote wa nukta. Kwa hiyo kompyuta inabidi ikisie ini litakapokuwa, kama mwindaji anavyolenga mbele kidogo ya ndege anayeruka. Kupumua kwa utulivu hukisika vizuri. Mgonjwa akikohoa au akishtuka, makisio yanaharibika, na mashine nzuri inapaswa kunyamaza yenyewe mara moja.

Njia hii ya nne imefanyiwa utafiti mkubwa. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulianza kugharamia mradi ulioitwa FUSIMO, ulioongozwa na taasisi ya Fraunhofer MEVIS ya Bremen, Ujerumani, juu ya tiba ya sauti katika viungo vinavyosogea. Mwaka 2014 ukafuata mradi wa pili, TRANS-FUSIMO, wa kuipeleka elimu hiyo kuelekea kwa mgonjwa wa ini. Hata hivyo kufuatilia ini kwa namna hii bado hakujawa huduma ya kila siku hospitalini.

7. MACHO YA MASHINE

Daktari anahitaji kuona mambo mawili: ini liko wapi, na joto limefika wapi.

Ultrasaundi ya picha huona upesi. Inatoa picha nyingi kwa sekunde, hivyo inafaa kufuata mwendo. Lakini haipimi joto vizuri. MRI ni ya polepole zaidi, ila inaweza kupima joto ndani ya mwili bila kuingiza sindano, kwa sababu maji ya mwilini hubadilika kidogo mbele ya sumaku kadiri yanavyopata joto. Mashine hulinganisha picha ya kabla ya kuunguza na picha ya wakati wa kuunguza, na tofauti yake ndiyo joto.

Hapo ndipo kupumua kunapoleta matata tena. Akina mama mnajua kadi ya kliniki. Uzito wa mtoto mwezi huu hulinganishwa na uzito wa mtoto huyo huyo mwezi uliopita. Ukichukua kadi ya mtoto wa jirani kwa makosa, utasema mtoto wako amekonda ghafla, kumbe ni kadi tu. Ini likiwa limehama, MRI hulinganisha mahali pawili tofauti, na huonyesha joto lisilokuwapo au huficha lililopo. Dawa ya tatizo hili ni kupiga picha nyingi kabla ya kuanza, kwa kila hatua ya pumzi moja. Kisha wakati wa tiba, kompyuta huchagua picha ya mwanzo iliyopigwa ini likiwa mahali hapo hapo. Ni kama kuwa na kadi zote mezani na kuchukua iliyo sahihi.

8. MBAVU NA HEWA

Mnakumbuka jeli ya baridi inayopakwa tumboni kabla ya kipimo? Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya chombo na ngozi, kwa sababu sauti hii haipiti hewani, hurudi nyuma karibu yote. Mapafu yamejaa hewa na yanafunika sehemu ya juu ya ini. Matumbo nayo yana gesi. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa afunge kula kabla ya tiba.

Mbavu ni tatizo lingine. Mfupa hunyonya sauti kuliko nyama laini, hivyo hupata joto upesi, na ngozi iliyo juu yake yaweza kuungua. Mashine za kisasa huzima vile vipande vya bakuli vinavyotazamana na mbavu. Huko Chongqing, China, ambako tiba hii ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari waliwahi kujaza maji maalumu upande wa kulia wa kifua ili kusogeza pafu, na baadhi ya wagonjwa walikatwa sehemu ya mbavu ili kuipa sauti njia. Basi msidanganyike na neno "bila kisu." Kila tiba ina maandalizi yake.

9. TIBA HII IMEFIKA WAPI?

Tazama jinsi vibali vya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani vilivyofuatana:

- 2004: uvimbe wa faibroidi katika kizazi.
- 2012: maumivu ya saratani iliyoingia katika mifupa.
- 2015: kuunguza nyama ya tezi dume.
- 2016: ugonjwa wa kutetemeka mikono, kwa kuunguza nukta ndogo katika ubongo.
- 2023: uvimbe wa ini.

Je, umeona mpangilio wake? Mfupa hautikisiki. Kichwa hufungwa kisisogee. Kizazi na tezi dume havivutwi sana na pumzi, ingawa kibofu kikijaa husukuma kizazi, na ndiyo maana mgonjwa wa faibroidi huwekewa mpira wa mkojo. Ini, lisilotulia, lilikuja nyuma yao wote.

Kibali hicho cha 2023 tena si cha kuunguza kwa joto. Ni cha njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan, iitwayo histotripsi. Mashine hupiga mapigo mafupi yenye nguvu sana. Mapigo hayo hutengeneza viputo vidogo ndani ya uvimbe, ambavyo hufura na kupasuka na kuzisaga chembe zake. Kwa kuwa haitegemei joto, damu inayopita haiipunguzii kazi, na viputo vyenyewe huonekana katika picha ya ultrasaundi, hivyo daktari anaona mahali anapopiga. Hata hapo mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi ili kupumua kwake kusimamiwe, na hewa na mbavu bado ni vizuizi.

Majaribio yake yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa na wagonjwa 44 wa Marekani na Ulaya. Kwa asilimia 95 ya uvimbe uliotibiwa, mapigo yalifunika mahali palipokusudiwa. Wagonjwa 3 walipata madhara makubwa. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini kuusaga uvimbe ni jambo moja, na kumponya mtu saratani ni jambo lingine. Kibali hicho kilitolewa kwa kuharibu uvimbe wa ini, wala hakikuthibitisha kwamba mgonjwa ataishi miaka mingi zaidi.

10. KABLA YA KUUZA SHAMBA

Sasa turudi kwenye swali la familia. Hatuwezi kusema "nendeni" wala "msiende" kwa wote. Tunaloweza ni kuwapa maswali. Yaandikeni katika daftari, na mtu mmoja wa familia ayaulize na kuandika majibu.

- Je, uvimbe wa mgonjwa wetu umethibitishwa kuwa ni nini, kwa picha na vipimo vya maabara?
- Uko mmoja au mingi? Una ukubwa gani? Umesambaa nje ya ini?
- Ini lililobaki lina nguvu kiasi gani?
- Sauti itapita wapi? Kuna mbavu, pafu au utumbo njiani?
- Mtafanya nini juu ya kupumua kwake? Mtazuia pumzi, mtatumia nusu kaputi, mtangoja, au mtafuatilia?
- Wakati wa kupiga, mtaonaje mahali pigo linapofika?
- Baada ya tiba atapigwa picha lini kuhakikisha kwamba uvimbe wote umekufa, na nani atamfuatilia akirudi nyumbani?
- Kuna tiba nyingine iliyo karibu, kama upasuaji, kuunguza kwa sindano ya joto, au dawa?
- Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na nauli, malazi na kurudi tena?

Swali la tano ndilo linalopima ujuzi wa wanaowaahidi. Mtaalamu wa kweli atafurahi kulieleza. Akijibu tu kwamba "mashine ni ya kisasa, itajua yenyewe," usitoe fedha bado. Rudi kwa daktari wenu mkashauriane.

Pia tujue kwamba saratani ya ini ikiwa imeenea sana, tiba hii haifai, hata mashine ikiwa nzuri namna gani. Wakati huo mgonjwa anahitaji dawa za maumivu, chakula anachokiweza na watu wake karibu naye. Kubaki nyumbani katika hali hiyo si kumtupa mgonjwa.

11. ULINZI WA INI

Mashine hizi hushughulika na uvimbe mmoja mmoja. Haziondoi chanzo. Barani Afrika kusini mwa Sahara, chanzo kikubwa cha saratani ya ini ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo yake ipo. Kenya iliiingiza katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata, basi waende wapimwe na kuuliza juu ya chanjo. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zitupwe, maana sumu yake hudhuru ini, na kuzipika hakuiondoi. Pombe nayo huliharibu ini taratibu.

TUKUMBUKE

- Ultrasaundi ya kliniki hupiga picha. Haiunguzi mtoto.
- Sauti ya tiba huunguza pale tu inapokusanywa, katika nukta kama punje ya mchele.
- Ini husogea sentimita 1 hadi 2 kwa kila pumzi ya utulivu.
- Kukosa shabaha huunguza nyama nzima, na huacha saratani hai.
- Uliza kwanza: "Mtafanya nini juu ya kupumua kwake?"

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini tiba ya sauti ilianza kukubaliwa kwa kizazi, mifupa na ubongo kabla ya ini?
2. Mashine ya kungojea na mashine ya kufuatilia zinatofautianaje? Ipi inachukua muda zaidi, na kwa nini?
3. Katika familia yetu, nani amepimwa homa ya ini aina ya B, na nani bado?